Kinachobaki Kwenye Bureti

Wanafunzi walimpa jina la Mama Chupa mwaka wake wa kwanza kazini, na miaka kumi na saba baadaye hakuna aliyekumbuka kama aliwahi kuwa na jingine. Alikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari. Kazi yake ilikuwa kupima unga, kuchanganya dawa, kupanga vyombo mezani kabla ya kipindi na kuviosha baada ya kipindi. Mwalimu akiingia, yeye anatoka. Akiwa stoo, chumba cha nyuma chenye dirisha moja, alisikia masomo yote ya kemia kupitia ukutani, mwaka nenda mwaka rudi, hata akawa anajua mwalimu atakosea wapi kabla mwalimu mwenyewe hajafika hapo.

Alipofikisha miaka arobaini na miwili alijitosa chuo kikuu kusomea shahada ya ualimu wa kemia. Watu walicheka, naye akacheka nao, maana lilikuwa jambo la kuchekesha kweli. Siku ya kwanza alipoingia darasani vijana walinyamaza na kufungua madaftari wakidhani ndiye mhadhiri, kisha wakamwona anatafuta kiti. Binti yake wa kwanza alikuwa chuo hicho hicho, akisomea uuguzi. Jioni walibanana kwenye meza moja ya jikoni, mama upande huu na mwana upande ule, wakinyang'anyana kikokotoo. "Shikamoo, mwanafunzi mwenzangu," binti alikuwa akimwambia, na mama aliitikia huku amekunja uso wa bure, kwa sababu moyoni alikuwa akiipenda salamu hiyo kuliko zote.

Nadharia haikumsumbua. Kilichompa taabu ni mazoezi ya kufundisha. Mwaka uliopita alipangiwa shule, msimamizi kutoka chuoni akaja kumtathmini, naye akatumia dakika ishirini nzima kuwafundisha wanafunzi namna ya kusuuza pipeti, kile kimrija cha kupimia maji. Kengele ililia hajafika hata kwenye swali la kwanza. Fomu ya tathmini ina mstari unaouliza kama somo limefikia hitimisho. Msimamizi aliandika hapana, akaongeza chini yake, kwa mwandiko mzuri wa kuudhi, kwamba mwanachuo huyu anajua kuosha kuliko kufundisha. Kanuni ya chuo inaruhusu kurudia mara moja tu. Akifeli tena, basi: hakuna shahada wala ualimu, ni kurudi stoo kwenye dirisha lake moja hadi astaafu.

Sasa alikuwa anarudia, katika shule nyingine, na siku ya msimamizi ilikuwa imefika. Msimamizi alikuwa yule yule.

Mwalimu mwenyeji wake, yaani mwalimu wa shule aliyekabidhiwa kumlea, alikuwa mkuu wa idara ya kemia, mwanamume mnene mwenye kicheko cha karibu. Wanafunzi walimwita Mzee wa Njia. Mama Chupa alidhani ni kwa sababu alipenda kuwaonyesha njia fupi za kukokotoa, na hakuuliza zaidi. Alimpenda. Alikuwa mtu wa kwanza katika maisha yake ya kemia kumwita "mwalimu mwenzangu" bila kutabasamu upande mmoja.

Somo alilopanga lilikuwa upimaji wa asidi na magadi, zoezi ambalo kila mwanafunzi wa kemia hulipitia. Maji ya magadi huchotwa kwa pipeti, mililita ishirini na tano kamili, yakawekwa kwenye chupa pamoja na matone mawili ya kiashiria. Yanakuwa ya njano. Juu yake inasimamishwa bureti, mrija mrefu wa kioo wenye alama, uliojazwa asidi hadi sifuri. Koki inafunguliwa kidogo kidogo mpaka ile njano igeuke rangi ya chungwa. Hapo unafunga na kusoma bureti: asidi iliyotumika ni kiasi gani. Magadi yakiwa yamepimwa sawasawa, kwa vipimo alivyovichagua yeye, jibu ni ishirini na tano.

Alikuwa ameyachanganya magadi mwenyewe jana yake mchana. Kopo la unga lilikuwa la zamani, kifuniko chake kina ufa, na mtu fulani alikuwa amelifunga juu kwa mfuko wa plastiki na mpira. Aliuona ufa. Aliguna, akapima gramu zake tano nukta tatu kwa kila lita, akaendelea. Hakuwa na wasiwasi kwa sababu alikuwa na desturi yake. Kila dawa aliyoichanganya, kwa miaka yote kumi na saba, aliijaribu mwenyewe asubuhi kabla ya darasa. Desturi hiyo aliiita kuonja, ingawa hakuna kilichofika mdomoni. Mpishi gani anapakua chakula asichokionja? Kesho asubuhi angeonja, na kama kuna kasoro angeiona.

Asubuhi hiyo binti yake alimpigia pasi sketi na koti, akamzungusha mbele ya kioo, akamwonya: "Mama, leo usioshe kitu. Leo wewe ni mwalimu." Akaahidi. Hata hivyo alifika shuleni saa moja kabla ya kipindi, akavaa aproni juu ya koti, akafunga bureti kwenye kishikio chake. Alikuwa ameshaijaza nusu Mzee wa Njia alipochungulia mlangoni.

Hakumgombeza. Alimsikitikia tu, na hilo ndilo lililomwingia. Alimwambia kwamba gari la chuo limeshaonekana getini, kwamba msimamizi akimkuta na aproni na mikono imelowa atakumbuka yale ya mwaka jana, na kwamba walimu hawaoshi chupa. Aende akakae chumba cha walimu na andalio lake la somo, kama mtu mwenye ofisi. Mama Chupa aliitazama bureti yenye asidi nusu. Dakika kumi zingemtosha. Lakini aliyaona maneno yale ya mwaka jana na mwandiko wake mzuri, akavua aproni, akaitundika.

Kipindi kilianza vizuri mno. Meza nane, wanafunzi wanne wanne. Aliongea nao bila kuzitazama chupa, akatembea, akauliza, akajibiwa. Msimamizi alikaa nyuma, mrefu, magoti yamepanda hadi kwenye ukingo wa dawati, fomu juu ya goti moja. Wanafunzi walifanya zoezi mara tatu kama inavyotakiwa, na baada ya kila mara wakaandika. Msimamizi alinyanyuka mara moja, akapita kati ya meza akisoma madaftari begani kwa wenyewe: ishirini na nne nukta tisa, ishirini na tano, ishirini na tano nukta moja. Alirudi kwenye kiti chake ameridhika, akaweka alama kwenye fomu. Mama Chupa aliiona ile kalamu ikisogea na roho yake ikatulia kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana.

Zilibaki dakika kumi na tano. Kwenye meza ya mwisho, karibu na sinki, binti mmoja mwenye miwani iliyofungwa uzi alikuwa anafuta kitu kwenye daftari lake, anafuta kwa nguvu hadi karatasi inaota manyoya. Mama Chupa aliinama. Chini ya manyoya yale namba bado ilionekana: ishirini na moja nukta nne. Juu yake binti alikuwa anaandika ishirini na nne nukta tisa.

Alimuuliza kwa sauti ya chini kwa nini anafuta.

"Nilisoma vibaya, mwalimu. Labda ni macho yangu."

"Nani kakwambia ni vibaya?"

Binti aliwatazama wenzake, kisha akanong'ona: "Jana Mzee wa Njia alitupa njia. Alisema leo ni ishirini na tano, tusikuaibishe."

Mama Chupa aliinua macho akaitazama bureti ya meza ile. Asidi ilikuwa imesimama kwenye ishirini na moja nukta nne. Akageuka akaitazama ya meza ya jirani, kisha inayofuata. Hakuhitaji kusogea, jicho lake lilikuwa limezoea kusoma bureti kutoka mlangoni. Ishirini na moja nukta tatu. Ishirini na moja na nusu. Zote nane, chumba kizima, vioo vinasema kitu kimoja na madaftari yanasema kingine.

Alielewa yote kwa mpigo. Magadi yake yalikuwa na kasoro, kasoro ambayo dakika kumi za kuonja zingemwonyesha, na wanafunzi thelathini na wawili walikuwa wameifunika kwa namba ya kupewa bila kujua kwamba kosa ni lake. Mzee wa Njia alifanya kwa wema. Msimamizi alisoma madaftari, na nani anasoma bureti? Alichotakiwa kufanya ni kwenda ubaoni, kuandika ishirini na tano, kukokotoa mistari mitatu, kuuliza kama kuna swali, na kuwa mwalimu kwa maisha yake yote.

Alitembea hadi ubaoni. Alishika chaki.

Tatizo ni kwamba yeye alikuwa anaosha. Kwa miaka kumi na saba, baada ya kila zoezi, walimu na wanafunzi walipokwisha kwenda na madaftari yao, yeye ndiye aliyebaki na bureti, na kabla ya kuzimwaga alizisoma, kwa mazoea tu. Alijua siku ambazo darasa zima lilipika majibu. Alijua ni walimu gani waliowapikia. Hakuwahi kumwambia mtu. Nani angemsikiliza mama wa chupa? Alimwaga asidi kwenye sinki, akafungua maji, na ukweli wa siku hiyo ukaenda zake kwenye bomba. Aliwadharau wale walimu. Aliwadharau kimya kimya, kwa raha, akisema moyoni kwamba siku akishika yeye chaki mambo yatakuwa mengine. Na sasa chaki alikuwa nayo.

Hata hivyo si hilo lililomsukuma, kwa maana dharau mtu anaweza kuimeza. Ni yule binti wa miwani. Mtoto alikuwa ametazama vizuri, amesoma vizuri, halafu akalaumu macho yake.

Mama Chupa alipiga moyo konde. "Kalamu chini," alisema. "Kila meza isimame, isome bureti yake kwa sauti. Daftari liache. Soma kioo."

Meza ya kwanza walitazamana. Alirudia, bila ukali, na akaanzia na meza ya mwisho. Binti wa miwani alisimama, akasoma ishirini na moja nukta nne. Baada yake wengine hawakuwa na pa kujificha. Namba zilitoka moja moja, zote jamaa wa karibu, na yeye akaziandika ubaoni kwa tarakimu kubwa. Nyuma, magoti ya msimamizi yalishuka kutoka kwenye dawati.

Aliwaambia wanafunzi kwamba makosa ni mawili. La kwanza ni lake: alichanganya magadi na hakuyajaribu, ingawa anajua kabisa kwamba yanajaribiwa, na hakuyajaribu kwa sababu alitaka kuonekana mwalimu. Hilo alilisema hivyo hivyo, mbele ya fomu. La pili ni lao: waliona kitu kwa macho yao wakaandika kingine. Wasifute. Wapige mstari mmoja juu ya namba ya uongo, ili ibaki inasomeka, na pembeni waandike walichokiona. Kisha akawauliza swali ambalo halikuwa kwenye andalio: kama asidi kidogo imetosha, magadi yamekosa nini?

Mmoja akasema pengine asidi ni kali kuliko ilivyoandikwa. Akampa sifa, akamwambia asidi ilifunguliwa jana kutoka chupa mpya, lakini swali lake lina akili. Mwingine akasema labda mwalimu alipima vibaya, darasa likacheka, na yeye akacheka pia, akasema hilo wanaweza kuliweka kwenye orodha. Akaenda stoo akaleta lile kopo, akawapitishia. Wakaushika mfuko wa plastiki, wakauona ufa. Mikono ilianza kuinuka upande huu na ule, na hapo kengele ikalia.

Alisimama na chaki mkononi. Alikuwa ameshasahau kengele, kama mwaka jana vile vile. Nyuma ya darasa msimamizi alitazama saa, akashusha macho kwenye fomu, kalamu ikashuka kwenye ule mstari wa hitimisho. Mama Chupa alihisi maji yamemfika shingoni. Alifikiria sketi iliyopigwa pasi.

Mzee wa Njia alikuwa mlangoni. Kipindi kinachofuata kilikuwa chake, hesabu, na darasa hilo hilo. Haikujulikana alifika lini, ila namba zote nane zilikuwa ubaoni, na uso wake mnene ulikuwa umeiva hadi masikioni. Msimamizi alimuuliza kwa upole kama yuko tayari kuanza.

Mzee wa Njia alikohoa. "Hapana," alisema. "Mimi ndiye niliyewapa ile ishirini na tano. Kipindi changu achukue yeye, amalize."

Msimamizi alimtazama, akamtazama Mama Chupa, akaukunja mguu mmoja juu ya mwingine. Kalamu aliiweka mfukoni kwanza.

Basi wakaendelea. Hakuwapa jibu, na kusema kweli hakuwa nalo. Alikuwa na shaka tu juu ya lile kopo. Waliandika ubaoni walichokijua: gramu alizopima, asidi iliyotumika. Binti wa miwani aliitwa mbele. Alikokotoa taratibu, akikosea, akipiga mstari mmoja na kuanza tena, huku wenzake wakimtupia hesabu kutoka vitini. Kama huo ni unga wa magadi, uzito wake kwa hesabu ya kemia ulitoka karibu mia moja ishirini na nne. Magadi makavu kitabuni ni mia moja na sita. Akatoa. Akabaki anaitazama ile kumi na nane kama mtu aliyekuta kitu chake mfukoni mwa mwenzake.

"Ni maji," alisema. "Kumi na nane ni uzito wa maji. Kila chembe ya magadi imebeba maji, chembe moja."

Mtu mmoja akasema kopo limekunywa. Darasa likalipuka kwa kicheko, na Mama Chupa alilazimika kugeukia ubao, akajifanya anafuta kona ambayo ilikuwa safi. Unga ulikuwa umekaa miezi chini ya ufa ule, ukivuta unyevu wa hewa, na namba waliyoiogopa ndiyo iliyolisema hilo wazi, kwa hesabu iliyotoka safi. Ishirini na tano isingewaambia chochote. Alilisema hilo kwa sauti, kwa maneno hayo hayo, akawaamuru waandike hitimisho.

Wanafunzi walipotoka msimamizi alibaki amekaa, akiandika kwa muda mrefu. Kisha alikuja hadi kwenye sinki, maana Mama Chupa alikuwa ameshavaa aproni bila hata kufikiri. Alimuuliza jambo moja. Yeye mwenyewe alipita kila meza na hakuona kitu. Kwa nini alisimamisha somo?

"Wewe hukuona, mwalimu," alimjibu. "Lakini mimi ndiye ninayeosha."

Msimamizi alitikisa kichwa polepole, akampa fomu aisome. Alama ilikuwa hamsini na mbili, na ya kupita ni hamsini. Maandalizi ya dawa alimkata vibaya, muda alimkata, na Mama Chupa aliona ni haki yote, asingejipa zaidi. Kwenye mstari wa hitimisho kulikuwa na herufi moja iliyopigwa mstari, herufi h, mwanzo wa neno ambalo hakulimaliza. Pembeni yake, kwa ule mwandiko mzuri, aliandika ndiyo.

Alipokwisha kwenda, Mama Chupa alimtumia binti yake ujumbe wa neno moja, kisha akakaa kwenye stuli na kulia kidogo, kilio cha kuchoka. Alipofuta uso alisikia maji yanafunguliwa. Mzee wa Njia alikuwa amekunja mikono ya shati hadi kwenye viwiko na kuzikusanya bureti zote nane kando ya sinki. Alikuwa anaosha vibaya, anarusha maji kila mahali, na Mama Chupa alitaka kumwambia aanze kwa kufungua koki. Hakumwambia. Mzee wa Njia alimaliza saba. Ya nane, ya meza ya mwisho, alikuwa ameshaiinamisha kuimwaga, akasita. Akaisimamisha wima, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na asidi, na midomo yake ikasoma namba.